Kuonyesha picha kwenye terminali kwa herufi za rangi: Chafa, libcaca na mpv

Seva nyingi hazina skrini. Unaingia kwa ssh (njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri za maandishi), unakuta folda yenye picha 300 zilizoitwa IMG_2041.jpg, IMG_2042.jpg na kuendelea, nawe unachotaka ni kujua tu ipi ni nembo, ipi ni risiti na ipi ni uso wa mtu. Kuzipakua zote ni kumaliza bando kwa kazi ya dakika mbili. Zipo programu huria zinazoisoma picha hukohuko kwenye seva na kuichora upya kwa herufi zenye rangi, na kinachosafiri hadi kwako ni maandishi matupu. Nazitumia kazini kila mara, na hapa nitakuonyesha jinsi ya kuzitumia hadi picha itambulike kweli, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Hatua ya 1: Ijue terminali yako

Usisakinishe chochote bado. Andika kwanza mstari huu:

```
printf '\e[38;2;255;0;0m\e[48;2;0;0;255m▀\e[0m\n'
```

Utaona kisanduku kimoja: nusu ya juu nyekundu, nusu ya chini bluu. Ukielewa kilichotokea hapo, yote yanayofuata yatakuwa mepesi.

Terminali imegawanyika katika visanduku. Kila kisanduku hubeba alama moja, rangi moja ya alama hiyo, na rangi moja ya nyuma yake. Basi, hakina nafasi ya kitu kingine. Sehemu inayoanza na 38 imetaja rangi ya alama, inayoanza na 48 imetaja rangi ya nyuma, na \e[0m imerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Alama ▀ hujaza nusu ya juu tu, kwa hiyo kisanduku kimoja kimegeuka pikseli mbili. Na kwa kuwa kisanduku huwa na kimo cha karibu mara mbili ya upana wake, kila nusu inakaribia kuwa mraba. Terminali ya safu wima 80 na mistari 24 ina visanduku 1,920. Kwa ujanja huu unapata pikseli 3,840. Ni chache, lakini zinatosha kumtambua mtu ukizitumia vizuri.

Kama badala ya rangi mbili umeona rangi za ajabu au alama ya kuuliza, chunguza mambo mawili:

```
echo $COLORTERM
locale
```

La kwanza likijibu truecolor au 24bit, terminali yako inatangaza kwamba inaweza kuonyesha rangi zaidi ya milioni 16. La pili lazima litaje UTF-8 (usimbaji wa herufi unaobeba alama za kila aina), la sivyo alama kama ▀ zitaharibika. Jihadhari: ssh mara nyingi haibebi COLORTERM kwenda upande wa pili, kwa hiyo programu iliyoko kwenye seva hudhani una rangi 256 tu hata kama terminali yako ina uwezo wote. Na kama unatumia tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa madirisha mengi), ongeza mstari huu kwenye ~/.tmux.conf, kisha uifunge na kuifungua upya:

```
set -as terminal-features ",xterm-256color:RGB"
```

Hatua ya 2: Sakinisha

Kwenye Debian au Ubuntu:

```
sudo apt install chafa caca-utils toilet mpv imagemagick
```

Hapo caca-utils huleta zana za libcaca, toilet huchora maandishi makubwa, mpv hucheza video, na imagemagick hukata na kurekebisha picha. Kwenye Fedora majina karibu ni yaleyale, ila unatumia dnf na ImageMagick huandikwa kwa herufi kubwa I na M. Mwenye simu ya Android pekee asijione ameachwa: Termux, programu inayokupa terminali kwenye simu, inatosha kwa Chafa. Ichukue F-Droid (duka la programu huria), kisha:

```
pkg install chafa
termux-setup-storage
cd ~/storage/dcim
```

Hatua ya 3: Picha ya kwanza kwa Chafa

Chafa iliandikwa na Hans Petter Jansson, nayo ndiyo ninayompa kila anayeanza. Jaribu:

```
chafa -f symbols -s 80x40 picha.jpg
```

Sehemu ya -f symbols inailazimisha itumie alama za maandishi. Bila hiyo, ikigundua terminali yako inaweza kupokea picha halisi kwa njia nyingine, itatumia njia hiyo. Sehemu ya -s ni ukubwa wa juu kabisa. Chafa haitaivuta picha ikapinda, itaiingiza ndani ya mipaka hiyo kwa uwiano wake.

Sasa badilisha alama uone tofauti:

```
chafa -f symbols --symbols ascii -s 80x40 picha.jpg
chafa -f symbols --symbols vhalf -s 80x40 picha.jpg
chafa -f symbols --symbols braille -s 80x40 picha.jpg
```

Ya kwanza hutumia herufi za kawaida tu. Ya pili hutumia nusu-kisanduku kama ile ya hatua ya 1, nayo ni nzuri kwa picha za kamera. Ya tatu hutumia nukta za Breli: kila kisanduku hupata nukta 8, lakini zote za rangi moja. Kwa hiyo Breli hufaa mchoro wa mistari, ramani au saini, na hushindwa kwenye uso wa mtu. Kwa picha ya kawaida usipochagua chochote, Chafa hujaribu alama nyingi kwa kila kisanduku na kuchukua inayofanana zaidi na kipande cha picha. Ukiongeza -w 9 itatafuta kwa bidii zaidi na kuchukua muda zaidi.

Na ile folda ya picha 300? Hii hapa:

```
for f in *.jpg; do echo "$f"; chafa -f symbols --polite on -c 256 -s 40x20 "$f"; done | less -R
```

Jina linatangulia, picha inafuata, nawe unasogea kwa kitufe cha nafasi ndani ya less, programu ya kusomea maandishi ukurasa kwa ukurasa. Sehemu ya --polite on inaizuia Chafa isiguse mipangilio ya terminali, jambo linalohitajika unapopitisha matokeo kwenye less au kuyahifadhi kwenye faili. Kwa ukubwa huu, picha moja haizidi takriban kilobaiti 20 hata ikiwa na rangi tele, na less haiombi zinazofuata mpaka uzifikie.

Hatua ya 4: Rangi, na kwa nini nyuso zetu hugeuka kijivu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu miongozo mingi hupita haraka na sisi ndio tunaoumia.

Rangi 256 za terminali zimepangwa hivi: 16 za msingi, 216 za mchanganyiko, na 24 za kijivu. Zile 216 hutokana na viwango sita vya nyekundu, kijani na bluu, na viwango vyenyewe ni 0, 95, 135, 175, 215 na 255. Tazama pengo la kwanza. Kutoka 0 unaruka moja kwa moja hadi 95, wakati huko juu hatua ni 40 tu. Maana yake, rangi angavu zimegawiwa ngazi nyingi, na rangi za giza zimeachiwa shimo.

Chukua ngozi nyeusi iliyo kwenye kivuli kidogo, tuseme nyekundu 70, kijani 45, bluu 35. Ni hudhurungi halisi, yenye joto. Ukitafuta rangi iliyo karibu zaidi katika zile 240 zisizobadilika, unaangukia kijivu cha 48, 48, 48. Hudhurungi imepotea. Uso wa bibi yangu ukipita hapo unatoka kama jiwe, huku shuka jeupe nyuma yake likibaki safi. Kwenye rangi 16 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hudhurungi pekee iliyopo ni ile njano iliyofifia.

Dawa ya kwanza ni kudai rangi zote kama terminali yako inazo:

```
chafa -f symbols -c full -s 80x40 bibi.jpg
```

Dawa ya pili, kama umebanwa kwenye 256, ni kuinua mwanga wa sehemu za giza kabla ya kuchora, kisha kuiambia Chafa isambaze makosa ya rangi kwa visanduku jirani:

```
magick bibi.jpg -gamma 1.4 bibi2.png
chafa -f symbols -c 256 --dither diffusion -s 80x40 bibi2.png
```

Kwenye mifumo yenye ImageMagick ya zamani, andika convert badala ya magick. Anza na 1.4, kama uso ni mweusi sana au picha ilipigwa jioni, panda hadi 1.6 au 1.8. Usiongeze gamma ukiwa kwenye rangi kamili bila sababu, kwa maana hapo utaifubaza ngozi ambayo tayari ilikuwa sahihi.

Hatua ya 5: Kata kabla ya kuchora

Pikseli 3,840 hazitoshi picha ya harusi yenye watu hamsini. Kata unachokitaka:

```
magick harusi.jpg -crop 600x600+200+100 +repage -normalize uso.png
```

Namba mbili za kwanza ni upana na kimo, mbili za mwisho ni umbali kutoka kushoto na kutoka juu. Vitu vyenye maumbo makubwa na rangi zilizokolea hutoka vizuri ajabu. Kanga, kwa mfano: pindo na mji huonekana waziwazi, ila jina lililoandikwa chini halitasomeka kamwe mpaka ulikate peke yake na kulichora kwa upana wote wa skrini.

Hatua ya 6: libcaca, pale Chafa isipofaa

Kabla ya libcaca ilikuwepo AAlib ya Jan Hubička, iliyochora kwa herufi zisizo na rangi. libcaca ilileta rangi. Mwandishi wake mkuu, Sam Hocevar, amefanya kazi pia kwenye VLC na aliongoza mradi wa Debian mwaka 2007 hadi 2008. Leseni yake ni huru kiasi kwamba unaruhusiwa kuifanyia lolote utakalo.

Udhaifu wake ni kwamba picha huigeuza kuwa rangi 16. Nguvu yake ni idadi ya mitindo inayoweza kutoa:

```
img2txt -W 80 -f utf8 nembo.png
img2txt -W 80 -f html nembo.png > nembo.html
img2txt -W 80 -f svg nembo.png > nembo.svg
```

Usisahau -f utf8 kwenye terminali ya kisasa. Mtindo wake wa ansi hutumia usimbaji wa zamani wa DOS, na alama zitakuja vurugu. Ikigoma kusoma faili yako, huenda ilijengwa bila msaada wa maktaba ya picha. Igeuze picha kuwa BMP kwa ImageMagick, itasoma.

Kupitia picha moja moja kwa vitufe, tumia cacaview. Kwenye kompyuta yenye dirisha itafungua dirisha lake, hivyo ilazimishe ibaki kwenye terminali:

```
CACA_DRIVER=ncurses cacaview *.png
```

Vitufe vya + na - husogeza karibu na mbali, n na p hubadilisha picha, q hutoka.

Hatua ya 7: Video, na hesabu ya bando

```
mpv --vo=tct --really-quiet video.mp4
mpv --vo=caca --really-quiet video.mp4
```

Ya kwanza hutumia nusu-visanduku na rangi kamili, ya pili hupitia libcaca. Punguza ukubwa wa herufi za terminali kabla ya kuanza, upate visanduku vingi zaidi.

Lakini fanya hivi kwenye kompyuta iliyo mbele yako, si kupitia ssh. Kwa rangi kamili, msimbo wa rangi moja hufika baiti 19. Kisanduku kina rangi mbili na alama ya baiti 3, jumla 41. Zidisha kwa visanduku 1,920 upate karibu kilobaiti 79 kwa fremu, na kwa fremu 24 kila sekunde ni takriban MB 1.9 za sekunde moja tu. Video yenyewe ikiwa imebanwa ni nyepesi mara nyingi kuliko hapo. Ikilazimu, tumia --vo-tct-256=yes na uunganishe kwa ssh -C ili data ibanwe njiani.

Hatua ya 8: Bango la kukaribisha kwenye seva

Chora nembo mara moja, ihifadhi, ongeza neno la kukaribisha kwa toilet, kisha ipeleke mahali pake:

```
chafa -f symbols --polite on -c 256 -s 50x20 nembo.png > bango.txt
toilet -f future -F border "KARIBU" >> bango.txt
cat bango.txt
sudo cp /etc/motd /etc/motd.zamani
sudo cp bango.txt /etc/motd
```

Nimechagua rangi 256 makusudi, kwa sababu wenzako wataingia kwa terminali za kila aina. Usiweke cat bango.txt ndani ya .bashrc. Faili hiyo husomwa hata pale mtu anapotuma mafaili kwa scp au sftp, na maandishi yoyote yanayochapishwa hapo huvuruga mazungumzo ya programu hizo, uhamishaji ukakwama bila maelezo ya kueleweka. /etc/motd huonyeshwa tu mtu anapoingia kufanya kazi. Baada ya kunakili, fungua dirisha jipya la ssh ukiwa bado hujafunga la zamani, hakikisha bango limetokea na mstari wa amri chini yake umebaki na rangi zake za kawaida. Ukiona rangi imevuja hadi kwenye mstari wa amri, ongeza mwisho wa faili msimbo wa kusafisha:

```
printf '\e[0m\n' | sudo tee -a /etc/motd
```