Kukagua udhaifu wa mtaa mbele ya tetemeko la ardhi

Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, wiki sita baadaye Chile ikapata la 8.8, lenye nishati karibu mara 500 zaidi. Chile walikufa mia tano na kitu, Haiti makumi ya maelfu hata kwa hesabu ya chini kabisa. Umbali wa kitovu cha tetemeko kutoka mijini ulichangia, ila Chile ina sheria inayombana muuzaji wa kwanza wa jengo kwa miaka 10 zikionekana kasoro za muundo. Kwa hiyo unapokagua mtaa, fuatilia nani anambana nani.

Anza na ujenzi. Kibali ni karatasi. Uliza nani husimama pale kabla zege halijamwagwa, maana likishamwagwa nondo hazionekani tena. Ringi za nguzo, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushia nondo, zikunjwe ncha kwa nyuzi 135, ziingie ndani, na zikaribiane zaidi kwenye maungio ya nguzo na boriti. Ncha za nyuzi 90 hufunguka kwenye mtikisiko, nondo hupinda nje, ghorofa hushuka. Mkaguzi anayelipwa na mjenzi mwenyewe usimhesabu.

Kisha umiliki. Tenga wenye nyumba, wapangaji, wasio na hati, na nyumba za urithi ambazo hazijagawanywa. Mpangaji haruhusiwi kugusa ukuta, na mwenye nyumba si yeye anayelala chini yake. Nyumba yenye warithi sita haina wa kutia saini. Hapa semina za usalama hazifui dafu. Kinachofaa ni mkataba wa maandishi kwamba gharama za kuimarisha zitakatwa kwenye kodi.

Uokoaji ni wa majirani. Katika tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, wengi waliotolewa vifusini walitolewa na ndugu na jirani. Andika kila nyumba ina watu wangapi, wanalala chumba gani, nani hawezi kutembea. Rekebisha kila miezi 3. Kazi hii kipe kikundi kilichopo, cha kuweka na kukopa au cha ibada, kwa sababu kamati mpya hufifia upesi. Mitaimbo, jeki na misumeno visikae kwenye stoo yenye ufunguo mmoja.

Daftari la kaya ndilo hugawa misaada baadaye. Likiwa na jina la mkuu wa kaya tu, wajane, wake wenza na wapangaji hukosa. Andikeni kila mtu mzima kwa jina lake sasa, kabla ya foleni ya mahema.