Kuanguka majini ukiwa peke yako Mtera: namna ya kurudi chomboni

Anayevua peke yake kwa tanga katika Bwawa la Mtera hana wa kumgeuzia chombo, kwa hiyo kurudi ndani huandaliwa mwaloni, kabla ya kuondoka.

Kamba ya kuburuta. Funga tezini, yaani nyuma ya chombo, kamba ya plastiki inayoelea, mita 15, yenye mafundo, na kidumu tupu cha lita 5 mwishoni. Nailoni haifai, inazama. Chombo kinachokwenda mita moja kwa sekunde humshinda mwogeleaji aliyevaa nguo. Una sekunde 15 tu za kuikamata. Ukikaribia ile miti mikavu iliyosimama majini, ivute ndani isije ikanasa.

Kitanzi cha mguu. Hapa ndipo wengi hukwama: wanakifikia chombo, halafu mikono pekee haitoshi kuwainua. Funga tezini kamba nene yenye kitanzi kinachofika nusu mita chini ya maji. Upande wa chini wa kitanzi uvishe kipande cha bomba la maji, sentimita 25, ili kibaki wazi na kisibane mguu. Kikunje ukifunge kwa mpira wa tyubu, ncha ining'inie nje, ukivuta kidumbukie. Usikifunge ubavuni, uzito wako utaupindua mtumbwi.

Demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, ishike mkononi. Ukianguka itakuponyoka, tanga litapoteza upepo na mwendo utapungua. Ukiifunga, chombo kinakwenda zake.

Ukishaanguka, kamata kamba papo hapo. Achana na kofia na kasia. Jivute hadi tezini, vua viatu, pumua kidogo, kwa sababu kila jaribio lililoshindikana linakula nguvu. Piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, ndipo utie mguu kitanzini. Bana kifua kwenye chombo huku ukisimama. Ukiegemea nyuma, mguu utakimbilia chini ya mtumbwi. Kifua, tumbo, kisha jibingirishe ulale sakafuni. Usisimame.

Mtumbwi ukijaa maji, usiuache ukaogelea kwenda nchi kavu: mbao huelea. Kumba maji ukiwa nje mpaka ukingo uinuke, ndipo upande. Kata ya kukumbia maji iwe imefungwa kwa kamba.

Jaketi la kuelea liwe na mkanda wa kupita mapajani, la sivyo litapanda shingoni.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye kina, mtumbwi mwingine ukiwa kando. Ukingoni penye nyasi ndipo mamba huvizia.