Hita ya gesi ya nyumbani Marekani: vipi vya kugusa wewe, vipi umuachie fundi

Ndugu zangu mliofika Marekani juzi juzi na baridi ndo hiyo inaanza, iwe uko Ohio, Minnesota au Maine, hii ni yenu. Ile mashine kubwa ya chuma iliyokaa beizimenti (chumba cha chini ya nyumba) au kwenye kikabati, inayonguruma usiku, ndo hita ya gesi ya nyumba nzima, na wengi wetu ama tunaiogopa mpaka tunalala na makoti ama tunaichokonoa tu bila kujua. Yote mawili hayafai.

Kwanza ujue inavyowaka, manake ukishajua hapo utaelewa lini imekwama. Ukipandisha joto kwenye thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, inaanza feni ndogo ya kutoa moshi nje, alafu kuna kijiti kinapata moto mpaka kinakuwa chekundu, gesi inafunguka, moto unashika, kuna kisensa kinahakikisha moto upo kweli, na baada ya nusu dakika hivi au zaidi ndo feni kubwa inaanza kusukuma hewa ya moto vyumbani. Kwahiyo usipopata joto papo hapo usianze kubonyezabonyeza, subiri. Na kisensa kisipouona moto mashine inafunga gesi yenyewe, inajaribu tena, ikishindwa inajizima, huo ni ulinzi wako na usikubali mtu akwambie aukwepeshe kwa kuunganisha waya.

Thamostati weka HEAT, feni iache kwenye AUTO. Ukiiweka ON feni inazunguka hata moto haujawaka, unapigwa na hewa ya baridi unadhani imeharibika. Joto la 68 Fahrenheit, yani 20 za kwetu, linatosha mkiwa nyumbani, na usiku shusha ujifunike. Wizara ya nishati ya Marekani inasema ukishusha digrii 7 mpaka 10 za Fahrenheit kwa masaa 8 kila siku unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka ya gharama za kupasha na kupoza nyumba. Kupeleka mpaka 85 ili nyumba iwahi kupata moto hakusaidii, hita nyingi zinawaka kwa nguvu ile ile tu, itakachofanya ni kuendelea kuwaka na bili ije kubwa. Mkisafiri msizime kabisa, acheni 55, la sivyo maji yanaganda kwenye mabomba na mabomba yanapasuka.

Kitu kinachoua hita nyingi ni filta chafu, yani kichujio cha hewa inayoingia kwenye mashine. Zima swichi ya hita (iko ubavuni au ukutani karibu yake, inafanana na ya taa), chomoa filta, soma saizi pembeni, mfano 16x25x1, nunua hiyo hiyo, na mshale uliochorwa uelekee kwenye mashine. Angalia kila mwezi, ikijaa vumbi badilisha, kwa kawaida haipiti miezi mitatu. Filta ikiziba hewa haipiti, mashine inapata moto kupita kiasi, inajizima, inawaka, inajizima. Pia usifunike matundu ya hewa kwa kochi au zulia, na usipange maboksi, rangi wala petroli karibu na hita. Ukiiwasha mara ya kwanza msimu huu utasikia harufu ya vumbi kuungua, hiyo ni kawaida, inaisha haraka.

Kama hita yako inatoa moshi kwa mabomba meupe ya plastiki yaliyotokeza ukutani nje, theluji ikianguka nenda kayafukue, yakizibwa hita inazima.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Gesi ya bomba sio ile ya mtungi tuliyoizoea, ya mtungi ni nzito inatuama chini, hii ni nyepesi inapanda juu, na yenyewe haina harufu. Mwaka 1937 shule ya New London kule Texas ililipuka kwa gesi iliyovuja bila mtu kunusa, wakafa watu karibu 300, wengi wao watoto, ndo Texas ikaamuru gesi itiwe harufu. Hiyo harufu ya yai viza ukiipata usiwashe wala kuzima taa, usipige simu ukiwa ndani, toeni watoto, tokeni, mkiwa mbali na nyumba ndo mpige 911 (namba ya dharura) au kampuni ya gesi.

Hatari nyingine haina harufu kabisa, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka moto usipoungua vizuri. Moto wa hita unatakiwa uwe wa bluu, ukiona wa njano zima na uite fundi. Ukiona nyumba nzima inaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na mkitoka nje mnapata nafuu, sio mafua hayo, ni hiyo gesi. Wekeni alamu yake kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, ibonyezeni kila mwezi kuijaribu. Na nawaomba sana, hita ikiharibika usiku msilete jiko la mkaa ndani, wala msiwashe oveni kupasha nyumba. Kule nyumbani dirisha liko wazi na upepo unapita, huku nyumba imezibwa kila upande, watu wanalala na hawaamki.

Valvu ya gesi, vichomeo na mabomba ya moshi ni vya fundi, mwite mara moja kwa mwaka kabla ya baridi. Kama umepanga, mtumie mwenye nyumba meseji ya maandishi uitunze. Na lugha isikuzuie kupiga 911, taja anuani kwanza alafu sema "Swahili", vituo vingi vinamuunganisha mkalimani kwenye simu hiyo hiyo.