Jinsi ya kupanga kiangazi chako kampasi ya Madison: hatua kwa hatua, kutoka kwa aliyekosea vya kutosha

Kila mwaka ikifika mwezi wa 4 meseji zinaanza kumiminika kwenye grupu letu la Waswahili hapa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, "kaka, kiangazi hiki chuoni kuna nini?", na mimi kila mwaka najibu mmoja mmoja mpaka kidole gumba kinauma, sasa nimeamua niandike mara moja nikiulizwa natuma linki tu. Nasoma uzamivu hapa University of Wisconsin, tunaishi Eagle Heights, nyumba za wanafunzi wenye familia, mke na watoto wawili, na kiangazi kinachokuja kitakuwa cha tano.

Kwa wageni: kiangazi cha huku sio kile cha nyumbani cha vumbi na mgao wa maji. Masomo ya muhula wa spring (wa mwanzo wa mwaka) yanaisha katikati ya mwezi wa 5, ya fall (muhula wa mwisho wa mwaka) yanaanza mwanzoni mwa mwezi wa 9, na hapo katikati watu wanadhani chuo kimelala. Wapi! Ndio muda kampasi inakuwa ya kila mtu, wazee, watoto, mpaka bata wa ziwani.

Hatua ya 1: Anza na vinavyojaa, sio vinavyokuvutia

Hili ndilo kosa letu sote. Unafungua kalenda ya chuo unaona muziki, sinema, bustani, unafurahi, unasave, halafu mwezi wa 6 unakumbuka watoto wamefunga shule na hujawaandikisha popote. Muziki utakusubiri. Kambi za watoto hazikusubiri, nyingi zinafungua fomu wakati theluji bado iko nje, mwezi wa 1 au wa 2, na zile nzuri zinajaa haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga simu kambi moja mwezi wa 5, dada aliyepokea akacheka kidogo (kwa upole lakini alicheka), akaniweka kwenye orodha ya kusubiri na mpaka leo nadhani bado nasubiri.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mwezi wa 1 kaa na mwenzio mfanye haya. Andikeni umri wa kila mtoto na darasa atakaloingia, maana kambi nyingine zinahesabu umri na nyingine darasa. Tafuteni kadi ya chanjo, fomu ya afya utaulizwa tu na miadi ya daktari haipatikani kesho. Halafu ulizeni msaada wa ada KABLA ya kulipa, msione aibu, kambi nyingi zina fungu hilo na mara nyingi ni kijisanduku tu cha kutiki. Cha mwisho angalieni saa ya kumaliza. Kuna kambi zinaachia saa tisa alasiri na wewe kazini unatoka saa kumi na moja, sasa hayo masaa mawili mtoto anakaa na nani? Sisi tumeungana familia tatu tunachukuliana watoto kwa zamu na hiyo imetuokoa kuliko kambi yenyewe.

Kama mzazi wako anakuja kutembea kuna programu inaitwa Grandparents University, babu au bibi anasoma na mjukuu wa miaka 7 hadi 14 kwa siku mbili, wanachagua somo lao kama wanachuo kabisa. Ukiujua utani wa babu na mjukuu wa kwetu unaweza kupiga picha darasa litakavyokuwa. Kiingereza kikimsumbua bibi, mjukuu ndiye mkalimani, na hapo atatafsiri anachotaka yeye.

Hatua ya 2: Karatasi zako ziwe sawa kabla hujapokea kazi

Hapa napita haraka ila usipite wewe. Wenye F-1, viza ya mwanafunzi, muhula ukiendelea mwisho ni masaa 20 kwa wiki, likizo ya kiangazi unaweza kufanya muda wote ndani ya kampasi. Nje ya kampasi lazima ruhusa itoke kwanza, kama ni CPT (ruhusa ya kazi inayohusiana na masomo yako) iwe imeshaandikwa kwenye I-20, ile fomu yako ya uanafunzi kutoka chuoni, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, sio wiki moja baadaye. Wenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, wana utaratibu wao, hata kazi ya kampasi inataka kibali. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ukaulize mwenyewe, usimsikilize mtu wa grupu, hata mimi.

Hatua ya 3: Geuza saa ndio uandike kwenye kalenda

Mtacheka lakini someni. Miaka miwili nyuma nilimpigia bwana mdogo mmoja mgeni wa Kigoma, nikamwambia njoo Memorial Union Terrace, uwanja wa chuo pale ziwani, Ijumaa, muziki unaanza saa saba. Mimi kichwani nimesoma 7:00 PM, mdomo ukatoa saba! Yeye Mswahili kamili akaja saa saba mchana, jua la utosi, kabeba sufuria ya pilau imefungwa kwa khanga. Nilipofika jioni nikamkuta kwenye kiti chini ya mti, khanga imefunguliwa fundo moja, pilau limepoa limeganda mafuta pembeni, na kindi wawili wamekaa mkao wa kula hatua mbili kutoka mguuni kwake. Akaniambia tu, "shikamoo kaka, muziki wa huku unachelewa." Sijawahi kuona aibu kama ile.

Basi tangu siku hiyo naandika zote mbili, 7 PM = saa moja jioni. Halafu kumbuka mwezi wa 6 jua linazama karibu saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, kwa hiyo "jioni" ya tangazo ni mchana mweupe, na Waislamu Magharibi yenu inakuja wakati sinema ya nje ndio inajiandaa kuanza.

Hatua ya 4: Jenga wiki yako, mengine ya bure yatajaa yenyewe

Terrace ndio kitovu, ule uwanja wa nyuma ya Memorial Union wenye viti vya chuma vya njano, kijani na machungwa vilivyochorwa kama jua, mbele yake Ziwa Mendota. Muziki jioni nyingi ni bure, Jumatatu usiku kuna sinema pale pale ziwani, bure pia. Kutoka Eagle Heights panda basi namba 80, halilipiwi. Onyo dogo: ile soseji inaitwa brat inayonukia mpaka barabarani kwa kawaida ni nguruwe, uliza kwanza. Aiskrimu ya Babcock inatengenezwa na chuo chenyewe, hiyo kula.

Jumatano ndio siku ngumu, vitu vitatu vinagongana. Kuna mhadhara wa sayansi wa Wednesday Nite @ the Lab, bure, mwaka mzima. Kuna Concerts on the Square kwenye uwanja wa bunge la jimbo, okestra inapiga wiki kadhaa za mwezi wa 6 na wa 7, watu wanatandika mablanketi majanini na sisi tunatandika mkeka, majirani wanauliza umenunua wapi. Halafu usiku Washburn Observatory wanafungua darubini kubwa ya zamani kwa watu wote, mbingu zikiwa safi tu. Mimi mhadhara nauacha kwa wakati wa baridi maana hautakimbia, naanza na okestra, nikiona hakuna mawingu tunapanda kilima cha darubini. Binti yangu aliona pete za sayari ya Zohali kwa jicho lake, akarudi kwenye foleni mara tatu.

Siku za mvua nenda Geology Museum ukaone mifupa ya mastodoni, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, au jumba la sanaa la Chazen kwa michoro. Zote bure.

Hatua ya 5: Hali ya hewa na ziwa

Jumatano ya kwanza ya mwezi saa sita mchana king'ora cha kimbunga (tornado) kitalia mji mzima. Usikimbie, wanajaribu tu. Kikilia siku nyingine yoyote na mbingu zimegeuka rangi, ingia ndani, shuka chini kabisa, simu mkononi.

Ziwani, mwezi wa 7 na wa 8 maji yanaweza kushika mwani wa bluu-kijani unaoonekana kama rangi ya ukutani imemwagika. Ukiona hivyo hakuna kuogelea, na watoto wasicheze hata ukingoni. Angalia taarifa za fukwe asubuhi kabla ya kuahidi mtoto, kwa sababu ukishaahidi umekwisha. Mbu wapo, wa Tanga wataona kama nyumbani.

Hatua ya 6: Tarehe 14 na 15 mwezi wa 8

Hii haipo kwenye kalenda yoyote ya chuo lakini kwangu ni tukio kubwa kuliko yote. Mikataba mingi ya nyumba za katikati ya mji inaisha tarehe 14 na mipya inaanza 15, wanafunzi wote wanahama kwa mpigo na wasichoweza kubeba wanakiacha kando ya barabara. Wenyeji wanaiita Krismasi ya mahipi. Meza ya kulia tunayotumia, taa mbili, rafu ya vitabu na baiskeli ya mtoto vyote vimetoka barabarani.

Toka asubuhi mapema, jozi ya glavu, tochi na tepu ya kupimia. Vitu vya mbao na chuma chukua. Godoro acha, hata liwe jipya vipi, na kochi la kitambaa acha, kunguni hawana adabu. Kochi la ngozi mulika tochi kwenye mishono yote, pima mlango wako kabla hujalipenda (sisi moja lilikaa kwenye korido siku nne), na gari la kubebea liwekeeni oda mwezi wa 6, maana wiki ile mji mzima hupati hata toroli.