Diski pacha za kuwashia seva ya FreeBSD
Data kukaa kwenye diski mbili hakutoshi. Seva (hapa, ya mfumo endeshi wa FreeBSD) lazima iweze kuwaka kwa yoyote kati ya hizo. Nililijua hilo usiku diski ya kwanza ilipokufa: ya pili ilikuwa na kila kitu, ila msimbo wa kuwashia haukuwepo.

Mashine zangu huwaka kwa BIOS (njia ya zamani ya kuwasha kompyuta) na huhifadhi data kwa ZFS (mfumo wa faili). Diski ya kwanza ni ada0, ya pili ada1, na kila moja ina sehemu tatu: p1 ya kuwashia, p2 swapu (kumbukumbu ya ziada), p3 data. Nakili mgawanyo kwanza, ukihakikisha ada1 haina kitu cha thamani, maana mgawanyo wake wa sasa utafutwa:

gpart backup ada0 | gpart restore -F ada1

Unganisha sehemu za data ziwe pacha (zroot ni jina la hifadhi ya ZFS):

zpool attach zroot ada0p3 ada1p3

Subiri hadi zpool status ionyeshe unakili umekwisha. Halafu hatua ile niliyoikosa, kuweka msimbo wa kuwashia kwenye ada1:

gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 1 ada1

Zima, chomoa ada0, washa. Siikabidhi seva yoyote kabla ya jaribio hili.