Kabla ya kutuma dola zako kwa programu huria

Vijana wanaojifunza ufundi wa kompyuta karakanani kwetu Kamalondo, hapa Lubumbashi, huniuliza: mashine zetu zinatumia Fedora, mfumo endeshi huria, na hatujalipa hata franka moja, tutoe asante wapi? Mimi huwajibu kama mtu wa likelemba, mchango wa kupokezana zamu: kwanza ujue mfuko uko kwa nani.

Shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa mradi, kwenye maandishi madogo, usome jina ni mali ya nani. Kwa Fedora utakuta Red Hat, kampuni iliyonunuliwa na IBM mwaka 2019. Fedora yenyewe si shirika lililosajiliwa. Pesa yako ingeingia kwenye vitabu vya kampuni ya biashara, bila njia ya kujua kama imemfikia fundi aliyefanya wifi yako ishike. Kwa hiyo mradi hauombi pesa za watu. Seva na sehemu ya mishahara hulipwa na kampuni. Naona huo ni uungwana.

Mozilla ndiyo inayowachanganya wengi. Firefox, kivinjari cha intaneti, hutengenezwa na Mozilla Corporation, lakini mchango wako huenda Mozilla Foundation, kwa kampeni na elimu kuhusu intaneti. Ni kazi njema, ila usichangie ukidhani unalipia Firefox.

Basi panda kwenye chimbuko, kwa miradi inayotengeneza programu zilizomo ndani ya mashine yako. Dirisha unaloliona ukiwasha Fedora Workstation ni kazi ya GNOME, na GNOME Foundation inapokea michango. LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu, ina The Document Foundation ya Berlin. Debian, mfumo endeshi mwingine kama Fedora, haimilikiwi na kampuni. Unaweza kuichangia kupitia Debian France, na maelezo yao yako kwa Kifaransa.

Changeni pamoja, mwenye kadi ya Visa alipe yote kwa mkupuo mmoja, la sivyo makato ya benki yatakula vidola vyenu. Kagueni noti mapema: dola iliyochanika pembeni hakuna atakayeipokea. Risiti ikija, ionyeshwe kwa wote waliotoa.

Huna dola? Fedora na LibreOffice zote hutafsiriwa kwenye Weblate, jukwaa la kutafsiri programu mtandaoni, na Kiswahili kinahitaji watu. Au ripoti kasoro: andika aina ya mashine, ulibonyeza nini, ujumbe gani ulitokea. Kisha rudi uangalie kama wamekuuliza kitu, kwa sababu usipojibu, ripoti yako huweza kufungwa.