Meza ya maulizo mtandaoni: mwongozo kwa mkutubi anayeanza

Mkutubi anayetaka kujifunza mitandao ya kijamii kwa ajili ya kazi yake asianze kwa kufungua akaunti. Aanze na daftari. Kwa muda wa wiki moja, kila swali linalofika kwenye meza ya maulizo liandikwe kama lilivyoulizwa, yakiwemo yale yanayoonekana madogo: mnafunga saa ngapi, kujiunga ni shilingi ngapi, mtoto wa darasa la tatu anaruhusiwa kuazima, riwaya ya kidato cha nne ipo, Jumamosi mnafungua. Wiki ikiisha, daftari hilo litakuwa limeonyesha ni maswali gani msomaji alilazimika kuyapandia daladala ilhali angeweza kujibiwa akiwa nyumbani, na hapo ndipo zana za mtandaoni zinapoanza kuwa na kazi.

Ninaandika nikiifikiria maktaba ya mkoa au ya wilaya nchini Tanzania, yenye watumishi wachache, kompyuta moja au mbili zinazofanya kazi, na intaneti inayokatika, ingawa wenzetu wa Kenya watakuta mengi yanawafaa bila kubadilishwa. Msimamo wangu ni kwamba akaunti ya maktaba ni meza ya maulizo iliyosogezwa karibu na msomaji, kwa hiyo kujibu kunatangulia na kutangaza kunafuata. Maktaba inayotangaza kila siku huku ujumbe wa wasomaji ukikaa wiki nzima bila kujibiwa inawafundisha watu wasiitegemee.

Kujifunza kwa kutenda

Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte na Kaunti ya Mecklenburg, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, ilikuwa na watumishi wengi ambao zana mpya za mtandaoni ziliwapita kando. Helene Blowers, aliyesimamia teknolojia katika maktaba hiyo, aliandaa orodha ya mambo 23 madogo ambayo mtumishi wa ngazi yoyote angeweza kuyafanya mwenyewe, kwa kasi yake, katika muda wa wiki 9: kufungua blogu, kupakia picha, kutafuta video, na mengine ya aina hiyo. Maktaba za nchi nyingi ziliuiga mpango huo. Baadhi ya zana zilizokuwamo hazitumiki tena, lakini utaratibu wake bado ni bora: jambo moja kwa wakati mmoja, linafanywa ndani ya saa za kazi, na mwisho wake panakuwa na kitu kinachoonekana.

Omba kwa mkuu wako saa moja kila wiki, nayo iandikwe kwenye ratiba ya zamu kama inavyoandikwa kazi ya kupanga rafu. Katika saa hiyo usijiwekee lengo la kuijua Facebook yote. Jiwekee lengo la kubadilisha saa za kazi kwenye ukurasa wa maktaba, na wiki inayofuata lengo liwe kupanga chapisho lijitume lenyewe Jumatatu asubuhi. Anayeweza kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wake tayari ana ujuzi wa vidole. Anachohitaji kuongeza ni nidhamu ya ofisi.

Akaunti ni mali ya maktaba

Watumishi wa umma huhamishwa vituo, hustaafu, na huenda masomoni. Ukurasa uliofunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mtumishi huondoka naye, na maktaba hubaki na ukurasa usio na mwenyewe, wenye saa za kazi za zamani zinazoendelea kupotosha watu. Kwa hiyo, kabla ya chapisho la kwanza, yakamilishwe mambo yafuatayo: kibali cha maandishi kutoka kwa mkuu wa maktaba, kwa kuwa maktaba zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ni ofisi za umma na kauli yao ni kauli ya ofisi, anwani ya barua pepe ya maktaba, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, na watumishi wasiopungua wawili wenye mamlaka ya kuingia kwenye ukurasa.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika kila akaunti. Kwenye WhatsApp ni namba ya siri ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe, nayo ni tofauti na ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi unaposajili simu. Matapeli hupiga simu wakijitambulisha kuwa watumishi wa kampuni ya simu au hata wa ofisi ya mkoa na kuomba wasomewe namba iliyotumwa. Kila mtumishi anayeishika simu ya maktaba aelezwe kwamba namba hiyo hasomewi mtu yeyote.

WhatsApp: mahali pa kuanzia

Nashauri kuanza na WhatsApp Business, programu isiyolipiwa iliyotoka mwaka 2018, kwa sababu wasomaji wetu wengi tayari wamo kwenye WhatsApp. Jaza kwanza anwani, saa za kazi na maelezo mafupi ya huduma. Kisha andika ujumbe wa salamu unaojituma mtu anapoandika kwa mara ya kwanza, na ujumbe wa kutokuwepo unaojituma baada ya saa za kazi, ukitaja lini atajibiwa. Usiahidi saa 24 ikiwa simu inafungiwa kabatini saa 11 jioni. Majibu ya haraka, yaani matini unayoyahifadhi na kuyaita kwa neno fupi, yatokane na lile daftari la maswali: moja la ada, moja la masharti ya kuazima, moja la jinsi ya kufika. Lebo nazo, yaani alama unazobandika kwenye mazungumzo, zitakusaidia kutenganisha maswali yaliyojibiwa na yanayosubiri kutafutiwa.

Ubora wa huduma hii unaonekana katika jibu moja moja. Tuseme msomaji ameandika: «Shikamoo. Samahani, ile riwaya ya kidato cha nne mnayo?» Jibu la neno moja, «Ipo», halimsaidii, kwa kuwa huenda orodha inasema ipo ilhali nakala imeazimwa au imewekwa rafu isiyo yake. Mkutubi anyanyuke, aende rafuni, akishike kitabu mkononi, ndipo aandike: «Marahaba. Riwaya hiyo tunazo nakala mbili. Moja imeazimwa hadi Ijumaa. Ya pili ipo katika chumba cha watu wazima, namba 896.392. Tunaweza kukuwekea mezani hadi kesho saa 10 jioni. Tukuwekee kwa jina gani?» Msomaji sasa anajua kitabu kipo wapi na amebakiwa na muda gani wa kukifuata. Siku akija tena kutafuta kitabu kingine cha fasihi ya Kiswahili, atakumbuka kwamba namba ya Dewey aliyopewa, yaani namba ya mada inayotumika kupanga vitabu rafuni, ndiyo rafu ya kuanzia. Ile «Marahaba» nayo isiachwe. Aliyekuamkia akajibiwa bei ya kujiunga bila kuitikiwa ataona amedharauliwa, hata kama taarifa yote ni sahihi. Kwa asiyeamkia, ambaye umri wake hauujui, «Habari za leo» inatosha.

Suala la kundi linahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo wengi hulifikiria. Katika kundi la WhatsApp, kila mwanachama huona namba za simu za wenzake. Kumweka mwanafunzi wa kidato cha pili katika kundi la mamia ya watu wasiojuana ni kuigawa namba yake bila ridhaa yake wala ya wazazi wake. Orodha ya matangazo, inayomtumia kila mtu ujumbe ule ule peke yake, huficha namba, lakini ina ukomo wa watu 256 na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba ya maktaba kwenye simu yake. Chaneli za WhatsApp, ambazo mtu huzifuata ili apokee matangazo tu, zilizoanza kuenea mwaka 2023, huficha namba za wafuasi wasionane, nazo ndizo ninazozipendekeza kwa matangazo ya jumla kama vile vitabu vipya, mabadiliko ya saa za kazi na siku za hadithi za watoto. Maswali yabaki kwenye mazungumzo ya mtu mmoja mmoja.

Pia pasiwepo mahali popote mtandaoni ambapo jina la msomaji linaandikwa pamoja na kitabu alichoazima, hata kama amekichelewesha mwaka mzima. Mtu ana haki ya kusoma kuhusu ugonjwa wake, ndoa yake au imani asiyoifuata bila jirani kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaipa haki hiyo nguvu zaidi, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2019. Hata pasingekuwa na sheria, mkutubi asiyetunza siri ya msomaji amevunja kiini cha kazi yake.

Ukurasa wa Facebook au Instagram

Chagua mmoja, uutumie vizuri, kisha ufikirie wa pili. Chapisho linalofaa zaidi kwa maktaba ni picha ya kitabu kimoja. Kipeleke karibu na dirisha, kisimamishe ili jalada na lebo ya mgongoni vionekane, na uepuke taa ya simu kwa sababu hung'aa juu ya plastiki ya jalada na kuficha jina. Katika maelezo andika jina la kitabu, mwandishi, namba ya rafu, idadi ya nakala, na sentensi mbili za kwako mwenyewe kuhusu nani atanufaika nacho. Usipige picha kurasa za ndani na kuzisambaza, hata zikiombwa kwa unyenyekevu na mwanafunzi mwenye mtihani kesho, kwani hakimiliki haiondoki kwa sababu kitabu ni cha maktaba. Mwanafunzi huyo mwekee nafasi mezani.

Tangazo lililoandikwa lote ndani ya picha lina kasoro mbili. Asiyeona huenda asisomewe vizuri na simu yake maneno yaliyomo kwenye picha, na anayetafuta saa zenu za kazi hataweza kuyapata kwa kutafuta. Kwa hiyo tarehe, saa na mahali viandikwe pia kama matini ya kawaida chini ya picha, na pale ambapo mtandao unakupa nafasi ya kuweka maelezo mbadala ya picha, yajaze. Video fupi zinapendwa, lakini kumbuka kwamba anayezitazama analipia bando. Picha za watoto zisichapishwe bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Malalamiko yakiandikwa hadharani yajibiwe hadharani kwa utulivu na yasifutwe. Yanayofutwa ni matusi na chuki.

Zana nyingine zinazostahili muda wako

Rekebisha kwanza taarifa za maktaba kwenye ramani ya Google: mahali, namba ya simu, saa za kazi na sikukuu mnazofunga. Ni kazi ndogo, na huenda ikaokoa safari nyingi kuliko machapisho ya mwezi mzima. Fomu ya Google ya kupendekeza vitabu vya kununua nayo huandaliwa kwa muda mfupi, na majibu yake hujipanga yenyewe kwenye lahajedwali unayoweza kuipeleka kwenye kikao cha bajeti.

Kwa kazi ya kuorodhesha vitabu, jizoeze kutafuta katika katalogi ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ni wazi kwa kila mtu. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, na ndiyo sababu vitabu vingi vya Kiswahili vina rekodi zake huko, yaani maelezo ya kila kitabu katika katalogi. Mwenye Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, anaweza kuivuta rekodi moja kwa moja kupitia Z39.50, itifaki ya kutafuta katika katalogi za maktaba nyingine, badala ya kuandika kila kitu upya; hata hivyo aikague, kwa kuwa si kila rekodi ina namba ya Dewey.

Msomaji akikosa kitabu cha kiada rafuni, mwonyeshe maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu anayewaandaa watahiniwa atanufaika na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zilizo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Kwa watoto wadogo zipo hadithi za African Storybook, zikiwemo za Kiswahili, ambazo leseni yake inaruhusu kuzichapa na kuzigawa. Vyuo na hospitali za mafunzo viangalie Research4Life, mpango wa kuzipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inawahitaji wakutubi kuliko wanavyodhani. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Januari hufanyika kampeni ya #1Lib1Ref, ambapo kila mkutubi huombwa kuongeza rejeo moja katika makala isiyo na chanzo. Tafuta makala ya wilaya yako, utafute sentensi isiyothibitishwa, kisha ufungue vitabu vya mkusanyo wa mkoa ambavyo havimo kwingineko mtandaoni, na uandike rejeo lenye ukurasa kamili. Hapo rafu yako inamfikia msomaji ambaye hatakanyaga kamwe mlangoni pako.

Kupima na kukabidhi

Kila mwisho wa mwezi andika kwenye daftari lile lile maswali mangapi yamejibiwa, mangapi yalisubiri zaidi ya siku moja ya kazi, na ni vitabu vipi vilivyoazimwa baada ya kuonyeshwa mtandaoni. Idadi ya wafuasi iandikwe pia, lakini isiwe ndiyo inayoongoza ripoti.

Kisha andaa hati ya makabidhiano isiyozidi kurasa mbili, ikiwa na orodha ya akaunti zote, barua pepe na namba ya simu zinazozihusu, majina ya wenye mamlaka ya kuingia, matini ya majibu ya haraka, na ratiba ya machapisho. Nywila zisiwekwe humo. Zitunzwe kando na mkuu wa maktaba, zibadilishwe kila mtumishi anapoondoka, na jina lake liondolewe kwenye ukurasa siku ile ile. Ijaribu hati hiyo kabla ya likizo yako: mpe mwenzako simu ya maktaba na hati hiyo pekee kwa siku nzima, na kila swali atakalolazimika kukuuliza uliongeze kwenye hati.